Rekebisho Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 6 Oktoba

Raha iliyoje! Nimepata njia, na hakuna anayeijua ila mimi na daftari hili.

Asubuhi mnadhimu wa kambi yetu, mama mwenye miwani ya kamba, alituita sote ofisini kwake. Akasema Ijumaa anapanga orodha ya watakaogombea tena. Mbunge ambaye kwa miaka minne hajapitisha rekebisho hata moja, ajue jina lake halimo. Yeye alikuwa anatazama dari. Wenzangu walikuwa wananitazama mimi.

Ni kweli, sijapitisha. Miaka minne katika bunge la nchi kumi na moja, na sijapitisha hata nukta! Lakini Alhamisi tunapigia kura Ripoti ya Viwango vya Ndoo, na rekebisho namba 17 ni langu: kila kishikio cha waya kivishwe mpira. Mama yangu alibeba ndoo miaka thelathini, na vidole vyake bado vina mfereji. Hoja safi kabisa.

Mke wangu akasema kwenye simu, basi waeleze hivyo hivyo, kuhusu mama. Nilicheka. Maskini, siasa haijui. Mpango wangu ni huu: kila mwenye rekebisho nitamwahidi kura yangu, naye aniahidi yake. Kura moja, marafiki arobaini! Sijui kwa nini hakuna aliyeufikiria kabla yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeshinda koridoni. Viatu vimenibana, mdomo umekauka kwa kusifia watu. Mpaka saa kumi jioni: ahadi 41!

Karani wa meza ametugawia orodha ya kura, kurasa ishirini na sita za namba ndogo ndogo. Akanisihi nisome safu ya mwisho. Nimemshukuru sana, nikaweka kikombe cha chai juu ya orodha.

Bao la siku nimemfunga Manukato. Ni jirani yangu wa kiti, wa nchi nyingine na kambi nyingine, ila tunakaa kwa alfabeti, na kwa miaka minne nimevuta marashi yake. Hunidharau. Huniita Mheshimiwa Kimya. Rekebisho lake ni namba 16: kishikio cha ndoo kiondolewe kabisa, na badala yake ndoo iwekwe masikio mawili pembeni. Upuuzi mtupu! Nani atalikubali? Kumwahidi hakunigharimu kitu. Nikamwambia mimi kwa 16, yeye kwa 17. Akacheka mpaka akatoa leso. Akasema hajawahi kukutana na mbunge mwenye moyo kama wangu. Nimemvika kilemba cha ukoka, naye amekivaa!

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya mjadala. Muda hugawiwa kwa ukubwa wa kambi. Yetu ni ndogo, tumepewa dakika tano. Kiongozi wetu kachukua nne. Ya tano ilikuwa ya mwenzetu, ambaye kwa bahati njema alipatwa na kwikwi. Nikaidaka!

Sekunde sitini. Nikamshukuru Spika. Nikamshukuru mwandishi wa ripoti. Nikawashukuru waheshimiwa wangu 41, nchi kwa nchi. Kisha nikatoa mzaha kuhusu ndoo. Kimya! Wakalimani walikuwa bado wanahangaika nao. Nikafungua mdomo niseme kishikio, rungu likagongwa, maiki ikazimwa. Ndipo kicheko kikafika, lugha moja baada ya nyingine, kutoka kila pembe ya ukumbi. Mimi huyo, nimesimama, sisikiki, nachekwa kwa lugha saba. Nilijisikia nyota!

Mke wangu ameuliza kama nilifika kwenye habari za mama. Nikasema nilikaribia. Akauliza kama nimesoma ile orodha. Nikamwambia orodha husomwa na wasio na kura. Akakata simu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ee jamani. Ee jamani wee.

Tulianza vizuri. Mnadhimu hukaa mbele. Akiinua dole gumba tunaunga mkono, akilishusha tunapinga. Spika hutazama mikono na kutamka: limepita, limekataliwa, limepita. Kufumba na kufumbua tukafika 16. Dole likashuka.

Lakini nilishaahidi! Nikanyoosha mkono nyuma ya kichwa cha mwenzangu mrefu. Spika akasema mikono inakaribiana mno, tupige kwa mashine. Manukato alikuwa anakitazama kidole changu. Nikabonyeza kijani. Namba zikawaka ukutani: 208 wanaunga mkono, 207 wanapinga.

Kura moja! Yangu! Kwa mara ya kwanza nimeamua jambo katika bunge hili! Nikaruka, nikapiga makofi, Manukato akanikumbatia mpaka nikapiga chafya. Hapo Spika, bila kuvuta pumzi, akasema kwa kuwa 16 limepita, 17 limeanguka, twende 18.

Limeanguka vipi na halijapigiwa kura? Nikaomba mwongozo. Spika akanieleza kwa upole, kama anamwelekeza mgeni choo, kwamba rekebisho lililo mbali zaidi na ripoti hupigiwa kura kwanza. Na sasa ndoo haina kishikio, huo mpira utavishwa wapi? Akaongeza kwamba limeandikwa, safu ya mwisho. Nikafungua orodha. Kulikuwa na duara la chai, na ndani ya duara: likipita 16, 17 linaanguka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimejipalia makaa mwenyewe. Karani amebandika kura kwa majina. Nikamwomba anisahihishie. Akasema inaruhusiwa: itaandikwa kwamba nilikusudia kupinga, ila matokeo hayabadiliki. Nikajaza fomu, kwa herufi kubwa.

Mnadhimu hakunikaripia, na heri angenikaripia. Alinionyesha tu jina langu, limekatwa kwa rula. Nilienda chooni nikalia kidogo. Mama akapiga simu. Kaniona kwenye televisheni nikiruka kwa furaha, kawaambia majirani wote kwamba nimeshinda. Akauliza hiyo ndoo mpya atainyanyuaje. Nikasema linashughulikiwa.

Jioni mnadhimu akanihurumia. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi, na kimebaki kikao kimoja: Ripoti ya Miavuli. Mke wangu akasema safari hii nisome, nichague jambo moja la maana, nilieleze kwa dakika yangu. Nikamwambia naam, mke wangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeamka nacheka peke yangu! Kosa langu nimelijua: nilikuwa na busara kupita kiasi. Lililo mbali zaidi hutangulia, siyo? Basi rekebisho langu jipya: miavuli yote ipigwe marufuku katika nchi zote kumi na moja. Nani atanitangulia hapo? Nimeshinda kwenye simu, na sasa nina ahadi 53! Manukato naye ameniahidi yake, tena kabla sijamaliza sentensi. Kaomba kitu kidogo tu: kabla kura hazijaanza, niunge mkono ombi lake kwamba ripoti nzima irudishwe kwenye kamati mpaka mwakani. Nimekubali hapo hapo.