Chupa Yenye Picha ya Chura

Jumatatu, 4 Machi
Siku mbaya. Bosi kamleta mpwa wake mkahawani, katoka masomoni juzi tu. Kaja na mvinyo wake: rangi ya chungwa, mchafu kama maji ya kuoshea mchele, lebo ina katuni ya mbuzi. Nikanusa. Zizi tupu! Nikasema hivyo, kwa heshima. Akanijibu ndio unaovuma sasa, mzee. Mzee! Mimi!
Bosi anasema hawezi kuweka wasimamizi wawili wa mvinyo. Jumamosi wateja wa meza kubwa wataonja wa kwake na mwekundu wangu wa miaka yote. Utakaopendwa ndio utakaojaza orodha. Mshindi anabaki na ufunguo wa stoo, mwingine anahamia kuosha glasi.

Jumatano, 6 Machi
Hali si hali. Meza ya dirishani wameagiza mvinyo wa mbuzi. Wakakunja nyuso, wakapiga picha, wakaagiza mwingine! Mwekundu wangu ulirudi jikoni haujaguswa.
Nimepata wazo. Wanataka uchafu? Nitawapa. Nabandua lebo kwenye chupa kuukuu, nachora katuni, naichomeka kati ya chupa za mpwa. Wakishausifu, nasimama na kutangaza: huu ni ule ule wa zamani! Mpwa ataumbuka. Mke wangu kauliza kwa nini nisiwape tu mvinyo mzuri wakaonja. Hajui biashara, maskini.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelowesha lebo kwenye beseni la kufulia. Imetoka nzima, nimeianika. Nimechora simba. Katoka chura. Basi, chura.
Chupa nimeitoa rafu ya chini kabisa ya stoo, yenye mashapo mazito. Katika kazi yetu chupa kama hiyo hubebwa kama mtoto mchanga aliyelala. Nimeitikisa ili mvinyo uchafuke. Mungu anisamehe, nimeitikisa kama dawa ya kikohozi! Mke wangu akauliza mbona nalia. Nikasema moshi. Tunapikia umeme.

Jumamosi, 9 Machi
Mbuzi kapita, wateja wakavumilia. Mwekundu wangu ukapita, wakapiga miayo. Akaja chura. Wakaonja. Halafu kelele! Mama mmoja mwenye hereni kubwa alisema hajawahi kuonja kitu chenye ukweli namna hii. Nikakohoa, nikainuka.
Hapo hapo bosi akanikamata mkono na kuninong'oneza kwamba leo ana furaha maradufu. Kesho ni kumbukumbu ya ndoa yake, anamfungulia mkewe chupa waliyopewa siku ya harusi. Iko rafu ya chini kabisa. Akaongeza kwamba atakayeitikisa atamtia adabu.
Nikakaa. Mpwa akamkodolea macho chura, akatangaza kwamba ni uvumbuzi wake mwenyewe. Wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, ningefanyaje?

Jumapili, 10 Machi
Ufunguo kapewa mpwa. Nimeshinda kwenye sinki, vidole vimekunjamana. Bosi kamwagiza mpwa alete makreti ya chura. Mpwa kanifuata jikoni, jasho linamtoka, akaniita kaka, akaniuliza kwa upole kama namfahamu mtu anayeutengeneza. Nikasema nitafikiria. Kumbe na yeye roho inamdunda!
Lakini yangu ndiyo kubwa. Jioni hii bosi anakuja stoo na mkewe, na rafu ya chini iko wazi. Nikikiri, hata sinki nalikosa. Mke wangu kaniambia niende nikamwambie ukweli, bosi ni mtu wa huruma. Sijui huyu mwanamke anaishi dunia gani.
Nimetulia, nimetafakari. Chupa tupu ninayo. Lebo imekauka vizuri. Mbuzi amebaki tele, na nikichanganya na maji ya kiazi chekundu rangi inakubali kabisa. Nimeonja. Zizi kidogo. Bosi ana mafua tangu juzi, na mkewe hanywi sana. Mpwa kanishikia faneli huku akichungulia mlangoni kila mara. Nimemwambia atulie, mambo haya nayajua.