Pancha Yapigwa Marufuku Nakuru

Wananchi wa Nakuru na vitongoji vyake, furahini: pancha imepigwa marufuku.

Kamati ya Upepo wa Matairi, ambayo mimi ni katibu wake, imeamua kwamba mbio za baiskeli za kutoka Rongai hadi Nakuru ni za tubeless peke yake. Tairi isiyo na tyubu haina kitu cha kutoboka. Hiyo ni sayansi. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kimaiyo, aliipata kwenye semina, kabla ya lunch.

Ni kweli, tubeless hutiwa dawa ya maji ndani, ya kuziba matundu. Tuliiomba. Lakini kwa vile huja kwa chupa, ofisi ya fedha iliiweka kwa fungu la vinywaji, na fungu hilo tulikuwa tumelimaliza kwa chai. Tukaendelea bila.

Cheruto, msichana wa mtaa wa Rhonda anayesambaza mayai kwa baiskeli, akaja kulalamika. Mshindi angepata nafasi moja tu katika kambi ya timu ya taifa, na yeye alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima.

"Mheshimiwa, tubeless ni poa, sikatai. Lakini ringi yangu ni ya zamani, haishiki hewa bila tyubu."

"Basi ringi yako ndiyo haijaendelea," Mwenyekiti akasema. "Next!"

Hakukuwa na mwingine.

Siku ya mbio Cheruto akafuata nyuma, bila namba. Barabara ni ya umma, tungemfukuza vipi? Mwenyekiti akatangulia kwa baiskeli mpya, sisi wanakamati tukiwa kwa gari. Kando ya barabara tulikuwa tumeagiza migunga ipogolewe, wageni waone mandhari. Ilipogolewa vizuri sana. Miiba ilibaki kwenye lami.

Pssss. Baiskeli zote zikakaa chini. Hata ya Cheruto. Lakini yeye aliipindua, akabadilisha tyubu, akamaliza kuijaza upepo wenzake wakiwa bado wanatukana miiba.

"Binti," Mwenyekiti akanong'ona, "uko na tyubu nyingine?"

"Ninayo. Lakini mimi simo kwa mbio, mheshimiwa. Tyubu yangu itaingiaje?"

"Kamera zinaningoja Nakuru!"

"Nimo ama simo?"

Waendeshaji wote walikuwa wametega masikio.

"Umo! Leta!"

"Katibu, andika," Cheruto akaniambia. Nikaandika. Akamwachia tyubu na pampu, akapanda, akaenda zake.

Kumbe tyubu haijiingizi. Kati yetu wataalamu, hakuna aliyewahi kufungua tairi. Tukaketi kwenye nyasi, mkutano wa dharura. Mwendeshaji mmoja akataka kutuonyesha. Tukamwambia si mwanachama.

Tulikuwa tungali kwenye sala ya kufungua mkutano, simu ilipolia: Cheruto ameshinda. Na kwa kuwa viongozi wote tulikuwa mkutanoni, medali alivishwa na Wangeci, mama wa mahindi choma. Hotuba yake ilikuwa, "Umefika, mama. Kula kwanza." Watu wakapiga makofi mpaka wakachoka.

Mwenyekiti ameagiza mbio za mwakani ziwe na mgeni rasmi wa kuheshimika. Wakazi wameshamchagua. Anachoma mahindi.