Mlima Unafungwa Kesho

Jumamosi ya mwisho wa Septemba, mwaka wa 1998, Papa Hilaire aliingia kwa Maman Rolande na gazeti kwapani, akakaa bila kusalimia. Hapo wote wakajua kwamba leo kuna habari.

Kwa Maman Rolande ni chumba kimoja cha chini, pale Saint-Gilles, huko Ubelgiji, katika njia inayoteremka kuelekea stesheni ya treni, Gare du Midi. Kuna meza nne, benchi moja ndefu iliyotoka kanisani, thermos tatu zenye maua mekundu, na kopo la sukari ambalo mwenyewe huliweka karibu na kiwiko chake, kwa kuwa anawajua watu wake. Ukutani kuna kalenda ya duka la nyama. Karibu na mlango wa uani imeegemezwa chukudu, baiskeli ya mbao ya watu wa Goma, na juu ya pembe zake Maman Rolande huanika vitambaa vya kufutia vyombo.

Papa Hilaire anasafisha treni za Midi. Magazeti yanayoachwa vitini huyachukua yeye, kwa hiyo jina lake pale ni Papa Journal.

"Bon," alisema. "Bazungu beko banafunga mulima."

"Mulima gani?" aliuliza Nday. Huyu ni mtu wa Lubumbashi, anaendesha camionnette ya kupeleka mizigo, na wanamwita Makala, sababu baba yake aliuza makala, yaani makaa.

"Milima ya Alpes. Zile station za ski, za kuteleza kwa theluji. Wakati ya été, ya joto, batu banaendaka kushuka kule na vélo, baiskeli. Dimanche iyi, ni kusema kesho, saison inaisha. Banafunga mpaka juin."

"Banafunga na nini? Na cadenas, na kufuli?"

"Gazeti haiseme cadenas."

"Mulima iko na mulango?"

"Makala, acha nisome. Kuko kiti inaning'inia kwa kamba ya chuma. Muntu anakaa, vélo yake banaitundika, banamupandisha mpaka juu kabisa. Anashuka na vélo mpaka chini. Kufika chini, anarudia kwa kiti."

Wakanywa kahawa kidogo, wakifikiri.

"Na kule juu anaenda kuchukua nini?" aliuliza Nday.

"Hakuna."

"Hata gunia moja ya makala?"

"Hakuna kitu."

"Basi anashusha nini?"

"Anajishusha yeye."

"Na banamulipa ngapi?"

"Yeye njo analipa."

Nday aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Baba yangu alisukuma vélo na magunia sita ya makala, kilomètres sitini, miaka ishirini, na hakuna muntu alimuletea kiti."

"Kule kwetu home," alisema Mignonne, "kuko papa mumoja, mutoto yake alivunjika mabega mbili kule Alpes. Akasema ilikuwa likizo muzuri." Mignonne huosha wazee katika nyumba ya wazee kule Forest, na kwa hiyo anaitwa Docteur. Jina hilo hakulikataa hata siku moja.

"Kwetu banafunga barabara, banafunga shule, banafunga banque, hakuna anayekuambia," alisema Papa Hilaire. "Unafika asubuhi, unakuta askari amelala mbele ya mulango. Huku, kufunga mulima ya kuchezea tu, iko page nzima na photo tatu."

Bertin, mtu wa Goma, yule wanayemwita Champion, alikuwa ameinamia kikombe chake. Alikuwa anakoroga kahawa ambayo sukari yake iliyeyuka zamani. Alijua maneno haya yanakokwenda, jinsi mbuzi anavyojua kamba inakokwenda siku ya sikukuu.

Kweli Nday aligeuka, akatazama chukudu pale mlangoni, kisha akamtazama mwenye chukudu.

"Champion."

"Nakunywa kahawa, Makala."

"Mulima imepatikana."

Na hapa lazima lielezwe jambo ambalo Bertin alikuwa amelikalia miaka miwili, kama kuku juu ya yai bovu. Jioni yake ya kwanza kwenye benchi lile, Nday alimsifu baba yake na magunia yake sita, akasema watu wa Kivu vélo hawaijui. Bertin aliumia kwa ajili ya Kivu nzima. Akasema yeye alikuwa akishusha chukudu kutoka Kibumba mpaka Goma, na viazi kilo mia nne, goti moja juu ya ubao, na kwamba madereva wa malori walikuwa wakimpisha. Hadithi ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya kaka yake Guylain. Bertin mwenyewe alikuwa fundi seremala. Alizitengeneza chukudu na kuwakabidhi wenyewe, na kwenye mteremko alishuka kwa miguu, tena kando kando.

Mwaka huu parokia ilipofanya siku ya mila za nyumbani, alitengeneza ile iliyopo mlangoni kwa mbao za palettes, vile vichanja vya kupangia mizigo, za pale anapofanya kazi. Alivisha magurudumu mpira wa tairi, akapigilia ndara kuukuu pale goti linapokaa, akaweka frein, breki ya kukanyaga. Watu walipoiona, uongo wake ukapata ushahidi. Kila walipomwambia, Champion, tuonyeshe, alijibu: "Mulima iko wapi? Belgique iko plat sawa sahani ya bugali." Jibu hilo lilimtunza vizuri mpaka Jumamosi hii.

"Alpes ni mbali," alisema sasa.

"Camionnette iko na mafuta mingi," alisema Nday. "Tunatoka saa kumi na mbili ya magaribi, asubuhi tuko kule."

"Ni France. Ma-papiers yangu..."

"Carte yako ya kukaa huku ulituonyesha wiki ya kwanza ulipoipata. Ulituonyesha mbele na nyuma."

"Bataikataa chukudu. Ni ya mbao."

Papa Hilaire akainamia gazeti. "Imeandikwa, siku ya mwisho, kila kitu ya magurudumu mbili bila moteur."

"Miye naweza kuleta bandages," alisema Mignonne. "Na ile crème ya mifupa."

"Sitaki crème."

"Utaitaka kesho, tonton."

Bertin alitazama ile picha gazetini. Kijana wa kizungu alikuwa hewani na vélo yake, amevaa kofia ngumu na ngao za magoti, na chini yake hakukuwa na kitu kabisa. Bertin akaona tumbo lake mwenyewe likipita pale hewani. Sasa achague: kuvunjika mbele ya wageni, au kusema kweli, Nday aicheke Kivu mpaka Noeli.

"Lete niione vizuri," alisema, apate tu mahali pa kuficha macho.

Na macho, yakitafuta pa kujificha, yakaenda pembeni juu ya ukurasa. Akasoma. Akasoma tena. Akatazama kalenda ya duka la nyama.

"Papa Hilaire, leo tuko tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Iyi gazeti ni ya tarehe kumi na tisa."

Papa Hilaire akalichukua gazeti, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu.

"Ah," alisema. "Hii ilikuwa chini ya kiti."

"Papa Journal," alisema Nday, "unatuletea habari iliyolala wiki nzima chini ya makalio ya batu?"

"Habari ni habari."

"Ni kusema mulima imefungwa tangu dimanche iliyopita," alisema Bertin, na hapo ndipo alipokosea. Mwenye akili angenyamaza akamshukuru Mungu kimya kimya. Yeye alisimama, akapiga mkono mezani, vikombe vikalia. "Mambo gani haya? Kumbe tumechelewa siku sita tu. Roho inaniuma, bandugu. Leo, mungenipa hata kilima, hata nusu ya mulima, mungeona vile chukudu inashukaka. Mungetubu."

"Hata nusu?" aliuliza Mignonne.

"Hata robo."

"Kuko Altitude Cent."

Bertin akakaa.

"Ile place ya Forest, juu, yenye kanisa kubwa," aliendelea Mignonne bila ubaya wowote. "Miye napandaka pale kila asubuhi, na magoti yangu yanajua ni mulima. Kutoka juu mpaka ile njia panda ya Barrière, halafu mpaka kanisa yetu hapa Saint-Gilles, unashuka tu."

"Na ile hawafungake saison," alisema Papa Hilaire, akifurahi kwamba gazeti limesahauliwa.

"Twende," alisema Nday. "Tunaipakia sasa hivi."

Bertin alitafuta neno, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili neno lililomjia lilikuwa la kweli, kutoka kwenye karakana yake ya Goma.

"Haiwezekane bure. Chukudu bila muzigo inaruka, inamutupa dereva. Balitengenezaka kwa uzito. Inataka kilo mia tatu, minimum."

"Magunia ya kilo mia tatu tunatoa wapi leo?"

"Njo pale shida iko," alisema Bertin, akiamini ametoka mtegoni. Lakini huku akisema aliwatazama mmoja mmoja, kwa jicho la fundi anayepima mbao, na wazo likamfungukia. "Ama mukae ninyi juu, sawa muzigo. Papa Hilaire, uko na kilo mia na kitu. Makala, tisini. Docteur, yako sitaitaja, lakini tunafika."

Mtu akimpa mwenzake mlima, ajitayarishe kuwa kiazi.

Papa Hilaire alikunja gazeti mara nne. "Samedi ni siku yangu ya kuungama," alisema. "Padri hapendake kungoja." Akatoka.

"Ile camionnette nimeiweka vibaya," alisema Nday. "Polisi ya hapa, unaijua." Naye akatoka, wala hakuinamisha macho.

"Kule home banaweza kuniita," alisema Mignonne.

"Batakuita na nini?" aliuliza Maman Rolande kutoka nyuma ya thermos zake. "Telefone iko hapa."

"Njo maana naenda kungojea kule kule, maman," alisema Mignonne, akachukua mkoba wake.

Bertin alibaki peke yake mezani na vikombe vitatu vya moto vya wenzake. Alinyoosha miguu. Hakuna kahawa iliyokuwa tamu kama ile.

"Bon," alisema Maman Rolande, akifungua aproni yake. "Miye nitapanda."

"Maman?"

"Kilo sabini na nane. Tutaongeza gunia ya muchele."

Alikuwa mama wa miaka sitini na moja, mwenye mikono mipana, na hakuwa mtu wa mzaha wakati aproni iko mkononi. Bertin aliangalia mlango. Kisha akaangalia sakafu, na sakafuni alikuta ukweli unamngoja.

"Maman Rolande, miye sijashukaka hata siku moja. Nilikuwa natengeneza tu. Dereva alikuwa Guylain, kaka yangu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Mwaka ya themanini na nane bwana yangu alikuagiza chukudu, pale Birere, kwetu Goma. Ulisema wiki mbili. Tulingoja miezi ine. Dereva anawahi, Bertin. Anayechelewaka ni seremala."

"Na miaka mbili hukuniambia?"

"Waongo wanakunywaka kahawa mingi." Akaanza kuviondoa vitambaa kwenye pembe za chukudu, kimoja kimoja, akivikunja. "Lakini ile uliyotutengenezea ilibeba viazi miaka sita. Haikutoka hata musumari. Kwa nini hukuwaambia habari ile? Mavantardise, majivuno ya kweli, ulikuwa nayo."

Bertin alikuja, akashika gurudumu la nyuma, akalizungusha, akasikiliza roulements, zile beringi zake. Zilikuwa sawa. Akakanyaga frein mara mbili.

"Basi nani atashusha?" aliuliza.

Maman Rolande alivua kiatu kimoja, akaweka goti juu ya ile ndara iliyopigiliwa, akaishika chukudu pembe zote mbili. Goti liliingia pale kama mguu unavyoingia kwenye soksi ya zamani.

"Bwana yangu alikufa mwaka ya tisini," alisema. "Viazi ya Kibumba, uliwaza ilikuwa inajishusha yenyewe?"

Akageuza kibao cha mlangoni upande wa fermé, kwamba pamefungwa, wakaisukuma nje. Pale kwenye kituo cha tramu, Papa Hilaire, Nday na Mignonne walikuwa wamesimama, shingo ndefu. Tramu mbili zilikuwa zimepita bila wao.

"Champion," aliita Nday, akisogea. "Frein iko muzuri?"

"Iko. Niliiweka na mikono yangu." Bertin akavuta pumzi. "Miye si champion, Makala. Miye ni fundi. Dereva ni maman."

Nday alimtazama yeye, akamtazama Maman Rolande na kiatu chake kimoja mkononi, akainama akaigonga mbao kwa kidole.

"Kukaa na champion nilikuwa naogopa," alisema. "Lakini chukudu ya fundi, kama maman njo anashika, nitakaa."

Papa Hilaire, bila kusema lolote juu ya kuungama, aliingiza gazeti lake ndani ya shati, kifuani, kama ile ngao ya yule kijana wa pichani.

"Maman," aliuliza kwa heshima, "sisi tunakaa fasi gani?"

"Fasi viazi vinakaaka," alisema Maman Rolande. "Na viazi vya Kibumba havikuwa vinasema njiani."