Albamu ya Njano, Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Juni

Kuna jambo nimelificha miaka thelathini na moja. Liko nyuma ya kabati la nguo, limeegemea ukuta: santuri yenye jalada la njano, ingali ndani ya nailoni yake. Haijapigwa hata mara moja. Mimi, Sikio Kali, mhakiki wa muziki wa gazeti la Jumapili, niliyeandika kwamba albamu hiyo ni maji ya kuoshea vyombo yaliyotiwa rangi, sikusikiliza hata wimbo mmoja!

Siku ile mwisho wa gazeti kupokea makala ulikuwa saa kumi jioni. Saa tisa na nusu nilitazama jalada. Vijana wanne, wameacha magitaa, wameshika vinanda, wanatabasamu. Kila redio inawapiga. Nyota njema huonekana asubuhi. Mbaya huonekana kwenye jalada. Nikaandika.

Daktari anasema moyo umechoka. Wiki chache. Nikifa, binti yangu atasogeza kabati. Ataikuta. Atampelekea mjomba wake, Fundi Redio, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye huiona albamu hiyo kuwa kilele cha kazi ya binadamu. Aibu itanifuata kaburini!

Tumenuniana tangu uhakiki ule. Klabu yetu ya wasikilizaji wanane iligawanyika: wanne kwake, wanne kwangu. Wa kwangu wote wamekufa. Mke wangu alihamia upande wake. Kila Jumamosi alikwenda karakana ya kaka yake kusikiliza takataka ile. Alinialika mara ya kwanza. Akanialika ya pili. Ya tatu hakunialika.

Ana miaka sita ardhini. Hakuna mwingine aliyebaki anayemkumbuka akiwa msichana isipokuwa shemeji. Natamani tuongee kabla sijaenda. Ila kwanza akubali kwamba nilikuwa sahihi.

Jumanne, 4 Juni

Mpango! Santuri ionekane imesikilizwa. Nimeivuta kwa mkongojo. Dakika arobaini. Nimechana nailoni kwa wembe, pamoja na kidole. Damu kwenye jalada, juu ya uso wa mpiga ngoma. Haidhuru. Itaonekana nilikasirika.

Baada ya chakula cha mchana nimebaki na uma. Nimeichora santuri upande wa pili, karibu na katikati. Mikwaruzo mitatu mizuri. Sasa ina sura ya santuri iliyochunguzwa kwa haki na kuchukiwa.

Binti kauliza uma uko wapi. Nikasema sijui. Kanitazama kwa jicho la mama yake, kisha kautoa chini ya mto wangu. Ni mfamasia. Watu hao wamezoea kuona mengi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwagiza binti ampigie mjomba wake simu, aseme baba anakata roho. Akasema, baba, asubuhi umekula mayai mawili. Nikamwambia roho haikatwi kwa njaa.

Kapiga. Jibu la shemeji: mwambie asife kabla ya Jumamosi, nina redio za watu hapa.

Redio za watu! Mimi nakufa, yeye anachomea nyaya!

Ijumaa, 7 Juni

Kifua kizito. Jana sikuandika, kalamu ilinishinda.

Leo nimeamka nikiuimba wimbo wa mke wangu, ule wa jikoni. Hauna maneno. Aliuimba akikatakata vitunguu, akipasi, akinikasirikia. Unapanda taratibu kama mtu mwenye mzigo, unasita, halafu unashuka wote kwa mara moja. Niliwahi kumuuliza ni wimbo wa nani. Akasema ni wa kwake. Nikamwambia, mke wangu, huo ndio muziki, si upuuzi wa kaka yako. Alicheka mpaka akashika meza. Sikujua kilichomchekesha. Wanawake wana furaha zao.

Hakuna wimbo niliowahi kuupenda zaidi. Hilo naliandika bila kuona haya.

Kesho shemeji. Nimefanya mazoezi ya kukohoa.

Jumamosi, 8 Juni

Maafa.

Amekuja saa nne, mgongo umepinda kama upinde, mashine ya santuri ndani ya kapu. Kaka wa marehemu ni mzee! Nani alimruhusu? Akasema, shemeji, hujafa bado? Nikasema nilikuwa nakungoja wewe utangulie. Akacheka. Karibu nilie.

Nikakohoa nilivyojipanga. Nikamwomba kwa sauti ya mtu anayekata roho akubali kwamba albamu ya njano ni mbaya, nife nimetulia. Akasema atakubali, tuisikilize kwanza. Tupige ya kwangu. Ya kwake dada yake aliimaliza, sindano imekula mifereji yote.

Nikatoa kwa fahari. Akaipeleka dirishani. Mikwaruzo hakuitazama hata kidogo! Alitazama tundu. Akaniambia polepole, kama anayefundisha mtoto, kwamba santuri iliyopigwa huwa na vijistari kuzunguka tundu, kwa sababu kila anayeiweka hupapasa kutafuta ncha ya mashine. Hii ya kwako, shemeji, ni mwali. Haijatoka ndani. Na hii ni kazi ya uma?

Nikakohoa. Safari hii kikohozi cha kweli.

Akaipiga hata hivyo. Upande wa kwanza nilikunja uso inavyotakiwa. Upande wa pili, wimbo wa tatu, nikasikia vitunguu.

Wimbo wa jikoni. Ule ule! Una maneno, una vinanda, una wale vijana wanne wanaotabasamu. Ukapanda na mzigo wake. Ukasita. Na hapo hapo, kwenye mkwaruzo wangu, sindano ikaruka nyuma. Ukapanda tena, ukasita, ukaruka. Mara tano. Mara sita. Shemeji akainua sindano. Akasema nimeua pale pale alipopapenda dada yake.

Nikajikuta naumalizia mwenyewe. Bila maneno, kwa sauti ya mlango mbovu, mpaka mwisho. Shemeji akanikodolea macho. Umeujuaje, nawe hujawahi kuisikiliza?

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema wimbo rahisi namna hiyo, hata mbuzi angekisia mwisho wake.

Akafunga kapu. Mlangoni akageuka. Dada alijua, akasema. Aliiona akifagia nyuma ya kabati. Aliniambia, usimwambie, ipo siku atachoka kujifanya, ataifungua mwenyewe, nami nitakuwa nimekaa pembeni yake.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji hajapiga simu. Sikumwomba radhi. Kwa nini nimwombe mimi? Mkwaruzo huenda santuri ilitoka nao kiwandani. Nitamwandikia hivyo.

Nimemwagiza binti alete nailoni safi na gundi. Tutaifunga tena vizuri, tuirudishe nyuma ya kabati, na yeyote atakayeikuta ataona mzee aliyetunza vitu vyake. Binti kauliza kwa nini nalia. Nimesema ni matone ya macho. Kasema hajanipa matone yoyote.

Nikipata nguvu nitaandika uhakiki wa pili. Upande wa kwanza ni dhaifu. Nasimamia hilo.

Alikuwa akinipigia albamu ile kwa mdomo wake, kila siku, miaka ishirini na mitano, nami niliipenda.