Chapuchapu na Chombo cha Kuongeza Kasi

Chapuchapu aliisikia riziki kabla hajaiona. Alikuwa anapita mtaa wa maduka, begi begani, anatafuna karanga, mara akasikia mama mmoja anafoka ndani ya studio ya video.

"Mwanangu ameolewa, amebeba mimba, karibu anajifungua, na video ya harusi bado haijatoka!"

"Ni kompyuta, dada'angu," sauti ya pili ikajibu kinyonge. "Nzito kama imemeza mawe. Ningempata mtu wa kuiongezea kasi, wallahi ningempa chochote."

Chochote! Chapuchapu alisimama palepale. Kuna watu hulia wakisikia kinanda. Yeye hulia akisikia neno hilo. Alizimaliza karanga kwa mkupuo mmoja, akafuta mikono kwenye suruali, akaingia.

Yule mama mwenye kufoka alikuwa ameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Alibaki mwenye studio, mwanamke mnene mwenye miwani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Video.

"Shikamoo, mama. Nimesikia kilio chako."

"Marahaba, baba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye huyo unayemtafuta."

Ukweli usemwe: kompyuta inaweza kuongezwa kasi. Unaingia kwenye mipangilio yake ya ndani, unaiamuru prosesa ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani, memori nayo hivyo hivyo, unaipa umeme kidogo zaidi na feni nzuri, kisha unakwenda polepole huku unapima joto. Chapuchapu aliyajua yote hayo isipokuwa kwenda polepole. Kazi hiyo aliifanya kweli mara moja tu maishani, kwenye kompyuta ya mama mmoja mchapaji wa barua. Alizipandisha namba zote mpaka juu kabisa, kama mtu anayefungua bomba. Kompyuta ikatoa moshi, yeye akatoroka kupitia dirishani. Tangu hapo aliapa hatagusa tena kompyuta ya mtu. Ni kiapo ambacho, kwa heshima yake, hakuwahi kukivunja.

Badala yake alibuni Chombo. Kilikuwa sanduku la bati lenye matundu na taa mbili nyekundu. Mteja aliambiwa kwamba ndani mna mitambo ya kusukuma prosesa. Ndani mlikuwa na laptopu mpya ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mchoraji wa ramani za majengo, mtu mwenye shingo nene na subira nyembamba. Kila Chapuchapu alipotoka kuwinda, aliiazima kwa kisingizio cha kuipangusa vumbi. Waya wa skrini ya mteja aliuchomeka kwenye sanduku, kibodi na kipanya vilevile, na mteja akaona mambo yanaruka kama panzi. Kisha Chapuchapu angechukua malipo, abebe Chombo chake, na aache amri kali kwamba kompyuta ipoe mpaka kesho yake. Kesho yake, yeye angekuwa mtaa mwingine.

Siku hiyo shemeji alitaka laptopu yake saa kumi. Alikuwa na matajiri wa kuwaonyesha ramani ya hoteli. Chapuchapu aliitazama saa ukutani. Muda ulikuwepo.

"Hutaifungua kwanza uitazame?" Mama Video aliuliza, akiligonga kasha la kompyuta yake.

"Daktari mzuri hapasui, mama. Anasikiliza." Aliweka sikio juu ya kasha, akafumba macho. "Prosesa inalia. Memori nazo zina huzuni."

"Masikini! Tangu lini?"

"Muda mrefu."

Akabonyeza swichi. Taa ikawaka, feni ikazunguka, na hayo kwake yalikuwa ushahidi tosha wa uhai. Akatoa sanduku begini, akachomeka nyaya, akanong'ona maneno ya kitaalamu ambayo mengine aliyatunga hapohapo, kisha akamwambia mama afungue video yoyote. Video ikafunguka kabla kidole hakijainuka.

"Yesu na Mtume!" Mama Video alijishika kichwa kwa dini zote mbili. "Njoo, mwanangu, njoo huku mbele nikulipe kabla sijabadili nia!"

Chapuchapu alimfuata mbio, huku akiamuru kompyuta ipoe mpaka kesho. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yake: wakisikia malipo, miguu hutangulia akili. Mara tu alipovuka kizingiti, mama aliuvuta mlango nyuma yake, akaufunga, na ufunguo akautumbukiza kifuani, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hafuati kitu.

"Umesema ipoe mpaka kesho. Basi hagusi mtu."

"Mama, Chombo changu kimo ndani!"

"Si kipoe nacho?"

"Kitalipuka!"

"Ngoja niite zimamoto."

"Hapana! Hakilipuki sana. Kinahitaji... kinahitaji kulishwa."

"Kinakula nini? Nina mkate."

Simu ikalia. Shemeji. "Wewe! Laptopu yangu iko wapi? Nimeshavaa tai!"

"Inakuja, shemeji, inamaliziwa kupanguswa!"

"Isipofika, nitakupangusa wewe."

Chapuchapu alipiga magoti kwenye zulia la studio. Alikuwa amewahi kuwapigia magoti maaskari na mama mkwe wake, ila kwa ustadi. Safari hii aliyapiga kweli. Akatapika yote: sanduku, laptopu, shingo ya shemeji.

Mama Video aliuchomoa ufunguo taratibu, kama hakimu anayevaa joho.

Ndani, sanduku la bati lilikuwa wazi, na kwenye stuli, chini ya pazia la kupigia picha lililochorwa maporomoko ya maji, aliketi yule mama aliyekuwa akifoka, amerudi kwa mlango uleule wa nyuma. Laptopu ya shemeji ilikuwa mapajani mwake.

"Shangazi," Mama Video alisema, "huyu hapa. Ile harusi yetu ya uongo imemnasa."

"Namjua. Mara ya mwisho nilimwona kisogo, kinapita dirishani mwangu."

Ndipo Chapuchapu alipomtambua mchapaji wa barua. Sauti yake hakuikumbuka, maana sauti za wateja hukimbiwa kabla hazijazoeleka.

Mama Video alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa kasha lile lililosikilizwa. Ndani mlikuwa na feni na taa zilizofungwa waya moja kwa moja kwenye swichi, vumbi na kandambili moja. Prosesa hakuna. Memori hakuna.

"Hebu nionyeshe ile inayolia," alisema.

Chapuchapu aliiinua kandambili, akaitazama chini yake, akairudisha.

"Sasa mimi," alisema shangazi, akiinua kidole juu ya kibodi, "nimeona hapa pameandikwa ongeza kasi. Kuna namba ndogo na namba kubwa. Nibonyeze kubwa?"

"Usibonyeze!"

"Mbona kwangu ulibonyeza?"

"Shangazi yangu! Mama yangu! Bibi yangu!"

"Chagua moja. Una kompyuta nyumbani?"

"Ninayo."

"Inawaka?"

"Inawaka, tena ni nzuri sana," alijisahau, kwa mazoea ya kusifia bidhaa.

"Nataka tumbo lake lote, badala ya langu uliloliunguza. Bodi, prosesa, memori. Mimi nakusubiri na kidole changu hapahapa."

Mtaa ule haujapata kuona mtu akikimbia vile. Alifika kwake, akaifungua kompyuta kwa kisu cha mezani, akaing'oa bodi nzima na kila kilichoipanda, akaiviringisha kwenye taulo, akarudi jasho likimchuruzika. Shangazi alipokea taulo, akakagua, akakiondoa kidole, akamrudishia laptopu. Laptopu ikamfikia shemeji akiwa mlangoni mwa mkutano, tai imemkaba, mdomo umeshafunguka kutukana.

Jioni shemeji alikuja nyumbani na keki. Matajiri walikuwa wamekubali. "Dada, mumeo ni fundi! Tangu aipanguse vumbi, laptopu inakwenda kasi sijapata kuona."

Mke akatabasamu kwa fahari, akaenda kwenye kompyuta ya nyumbani, akabonyeza swichi. Akabonyeza tena.

"Mume wangu, na hii yetu umeiongezea kasi?"

"Sana," alisema Chapuchapu, akijikatia keki.

"Mbona haiwaki?"

"Imetupita, mke wangu. Saa hizi imeshafika."