Uvumi Utakaonipa Chumba cha Chini ya Ngazi

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Iandikwe na ihifadhiwe kwa vizazi vijavyo: leo asubuhi nimechomoa kitabu cha hesabu chini ya mguu wa friji ya dada. Friji imeinama kidogo, kama mtu anayeamkia wakubwa. Dada kauliza imekuwaje. Nimemwambia ni sakafu. Shemeji kaitazama sakafu muda mrefu.

Sababu ya elimu hii: Jumapili mama mkwe wa dada anahamia, na kochi ninalolalia atalilalia yeye. Dada kasema kwa upole, mdogo wangu, nakupenda, ila Jumapili uwe umeshaondoka. Sina pa kwenda. Lakini! Jumapili hiyohiyo wapangaji wa jengo wanachagua mwenyekiti, na mwenyekiti hupewa chumba cha chini ya ngazi. Kina dirisha. Kina kitasa! Mpinzani ni mmoja tu, Fundi Viatu wa pale mlangoni, mtu asiye na sera yoyote zaidi ya kusalimia watu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Maajabu! Kitabu kinasema vipo vitu vinavyokua kwa kasi inayolingana na ukubwa wao wenyewe. Vikiwa vidogo vinatambaa, vikiwa vikubwa vinatimua mbio. Nikaruka. Huo si umbea huo? Nikaandika: dy/dt = ky. Hapo y ni watu wanaoeneza habari, t ni siku, k ni kipimo cha kasi yenyewe. Kisha unawatenganisha kama wakwe waliokosana harusini: y zote upande huu, t zote upande ule, na asionekane mtu kavuka. dy/y = k dt. Unaintegreti pande zote mbili, yaani unajumlisha vipande vyote vidogovidogo, inatoka: logi ya y = kt + C. Huyo C ni mgeni asiye na jina. Humjui mpaka upewe sharti la awali, yaani mambo yalikuwaje mwanzoni kabisa. Nyepesi! Mwanzoni ajue mtu mmoja. t = 0, y = 1, logi ya moja ni sifuri, C kwisha habari yake.

Hiyo k nimeipata kwa uzoefu. Fundi bomba alipokatikiwa na umeme kwa kinyozi na kutoka na nusu kichwa, wenye habari waliongezeka maradufu kila siku. Basi mmoja leo, wawili kesho, Jumapili thelathini na wawili. Wapiga kura ni sitini. Nusu na zaidi!

Mchana nikateremka kwa Msusi wa ghorofa ya chini. Mdomo wake hauna breki. Akishajua yeye, redio unaweza kuizima. Nikamnong'oneza kwamba nina mjomba idara ya maji (sina), na nikichaguliwa maji yatapanda mpaka ghorofa ya sita. Nikaweka chambo: dada yangu, hii ni siri, nimekuamini wewe tu. Kitana kikamdondoka.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kwa hesabu yangu leo wanajua wanne. Nimepita ngazini, wawili wamenitazama. Wengine wawili bila shaka walikuwa bafuni. Jirani wa ghorofa ya tatu kakohoa, tena kwa heshima.

Fundi Viatu kaniita, eti kaka, soli yako inacheka, lete niishone mara moja. Nimekataa. Kampeni chafu hizo! Nimeondoka kwa hadhi, soli ikicheka njia nzima.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Kumi na sita! Nimefungasha nguo. Nimepima dirisha la chumba changu kwa ajili ya pazia. Shemeji kauliza nina hakika gani. Nikamwonyesha mlinganyo. Kakuna kidevu, kauliza, na huyo mmoja wa mwanzo, una hakika naye? Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kumtilia shaka Msusi! Afadhali umshuku jogoo kwamba hatawika.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Uchaguzi uani, kura zikitiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Nilipopewa karatasi nikamwona Fundi Viatu pembeni, shati limepigwa pasi, anasalimia hata watoto. Roho ikaniuma. Mtu mzima, ana mke, apate sifuri mbele za watu? Nikampa kura yangu. Ya huruma.

Matokeo: Fundi Viatu sitini. Mimi sifuri.

Dada kasema alidhani nimejitoa, maana kila alipouliza sera zangu nilimwonyesha herufi. Nikakimbia kwa Msusi. Nikamkuta ana machozi, ya furaha! Kasema kaka yangu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniamini na siri. Hata mume wangu sijamwambia. Nitazikwa nayo! Na kura alimpa Fundi Viatu, ili watu wasije wakashuku kwamba kuna kitu anakijua.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mlinganyo haukukosea! Nimegundua alfajiri na nikarukaruka ngazini peke yangu. Kosa lilikuwa kwenye sharti la awali. Wanaoeneza mwanzoni: sifuri. Na sifuri uizidishe kwa utakacho, inabaki sifuri. (Kitabu kilionya kwamba kabla ya kugawanya kwa y uhakikishe y si sifuri. Kwa maandishi madogo. Nani husoma madogo?) Hesabu inatoa sifuri, kura zikatoka sifuri. Usahihi wa kutisha!

Sasa nahamia kwenye hasira za dada, ambaye hakupenda kuniona bado nipo. Hasira hupoa kwa kasi inayolingana na ukubwa wake. Ni yaleyale: tenganisha, integreti, weka sharti la awali. Dada ni mtu mpole, kwa hiyo hasira za kuanzia nimeandika moja. Sikuona haja ya kumuuliza. Kufikia Alhamisi hakuna kitu, narudi kochini kwangu.

Mama mkwe ameshafika. Anakaa miezi sita. Kochi kalipenda.