Dhahabu ya Mkwe Wangu

Kwa Profesa, Mkuu wa Idara ya Kemia.

YAH: KURUDISHIWA MKWE WANGU AKIWA MZIMA

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi, marahaba. Mimi ni mama mzazi wa mke wa yule mwanafunzi wako wa shahada ya udaktari, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Alipokuja kuposa, mshenga alisema kijana anashughulika na dhahabu. Tulikubali haraka, na sikufichi, wa kwanza kukubali nilikuwa mimi. Mwaka wa nne huu. Juzi nikamwomba anionyeshe hata punje moja. Akasema, "Mama, ukizipanga elfu tano mstari mmoja, bado unywele utazizidi unene." Nikamwambia basi alete darubini. Akasema hazipo, zimo kwenye kompyuta tu, kwa hesabu. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Vya mkwe wangu vimeundwa, vinaelea, ila havipo.

2. Dhahabu hiyo isiyokuwepo ameivalisha koti. Koti lenyewe ni nyuzi za polima, nazo za hesabu vilevile. Zikikutana na ukali kama wa limau zinasimama. Ukali ukipungua zinalala. Amefuatilia kusimama na kulala huko kwa miezi kumi na minne. Binti yangu alinyoa nywele zote, akala naye meza moja siku tatu. Siku ya nne mume akauliza kama pazia ni jipya.

3. Mtoto wao alipoanza kutambaa, baba alimtazama kidogo akasema tungoje, mwendo wa muda mfupi hauthibitishi kitu.

4. Binti yangu amefungasha, yuko kwangu wiki ya tatu. Nilipompigia mkwe simu, alinijibu kwa adabu kwamba kweli ameona nyumba imetulia.

Kwa hiyo, Profesa, naomba uizime hiyo kompyuta. Ikishindikana, mpe shahada ya hesabu isiyoshikika, nasi tutamtafutia mke wa namna hiyo hiyo: akikasirika asimame, akipoa alale.

Nisalimie mkeo, katibu wako, na mlinzi wa getini aliyenipokea kwa upole kuliko ndugu.

Wako, mwenye ukali usiopungua,
Mama Mkwe

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe, nikapitia chumba cha mkwe hapa idarani nimwage hasira. Akanipa kiti, akanionyesha. Kumbe koti hubeba dawa; likifika kwenye uvimbe wa saratani, penye ukali, linafunguka hapo hapo, na kwingine mwilini hakuguswi. Profesa, nilimuuguza dada yangu. Najua dawa ikimwagika mwili mzima inamfanya mtu nini. 

Nimekaa hapa tangu asubuhi. Nyuzi zimefunguka mara mbili, ya tatu inasuasua. Mkwe nimemtuma akamwombe mkewe radhi, mimi nimebaki nazichunga. Ukija, bisha hodi taratibu, na usiguse kitufe chochote.